Maji Yamefika Wapi? Miaka Yangu na Mashine ya Kuchomelea

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona cheche hata moja. Fundi Mkuu alinipeleka kwenye swichi kubwa ukutani, akaizima mbele yangu, akachomoa plagi ya mashine na kuitia mfukoni mwa koti lake. Kisha akaniambia niushike waya na kuupitisha wote kiganjani, kuanzia kwenye mashine hadi mwisho wake, polepole, nikitafuta mahali ambapo mpira wa nje umepasuka. Nilipata nyufa mbili. Akaniambia nirudie. Nikapata zile zile mbili, nikamwambia hakuna zaidi. Aliushika mkono wangu akauweka juu ya ufa wa tatu, uliokuwa umejaa vumbi jeusi, ambao nilikuwa nimeupita mara zote mbili.

"Jicho inaona ile kitu inataka," aliniambia. "Mkono haina haraka."

Hayo yalikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika karakana iliyokuwa nyuma ya soko mjini Machakos. Tulitengeneza mageti, madirisha, matangi ya maji na matrela ya kubebea mifugo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mjane, na sikuwa nimekuja pale kuchomelea chuma. Nilikuwa fundi cherehani. Niliitwa kushona aproni za ngozi za wafanyakazi, na Fundi Mkuu alipozikagua alipitisha kidole kwenye mshono wangu mwanzo hadi mwisho, akaniuliza kama nimewahi kujaribu chuma. Wanaume waliokuwa karibu walicheka hadi wakashika magoti. Yeye hakucheka, na wiki iliyofuata nilikuwa na buti miguuni.

Niliripoti nikiwa na blauzi yangu ya nailoni ya Jumapili, maana nilidhani kazi mpya inataka nguo nzuri. Alinirudisha nyumbani nikabadilishe. Nailoni ikiguswa na cheche huyeyuka na kugandama kwenye ngozi, lakini pamba huungua kidogo ikaacha. Leso haikuruhusiwa karibu na mashine. Suruali haikutakiwa kuwa na mkunjo chini, kwa sababu cheche hupenda kulala mle ndani na kuamka baadaye. Pete ya marehemu mume wangu niliivua kwa uchungu, nikaifunga kwenye kitambaa. Fundi Mkuu aligeuka upande wa pili mpaka nikamaliza kuifunga, na kwa jambo hilo dogo nilianza kumheshimu.

Wajukuu zangu wamezoea mashine ndogo za siku hizi ambazo mtu huzining'iniza begani. Zetu zilikuwa masanduku mazito ya chuma yenye magurudumu, ndani yake nyaya za shaba zimezungushwa kwenye kiini cha chuma. Kazi ya mashine hiyo ni kuupokea umeme wa kwenye nguzo, kuupunguzia msukumo na kuuongezea wingi, hadi fimbo nyembamba ya chuma iliyopakwa dawa, ambayo mabingwa huiita elektrodi na sisi tuliita rodi, ikikaribia chuma kingine umeme uruke kati yao na kuwaka. Mwali huo huyeyusha rodi na chuma pamoja, navyo vikipoa huwa kitu kimoja. Nyaya mbili nene hutoka kwenye mashine. Mmoja huishia kwenye holda, ile koleo yenye mpini wa kukinga umeme inayobana rodi. Wa pili huishia kwenye klampu, nayo hubanwa kwenye kile chuma kinachofanyiwa kazi.

Fundi Mkuu alikulia kwenye ranchi za Konza, ambako baba yake alichunga ng'ombe wa watu wengine maisha yake yote. Alipotaka kunieleza kazi ya klampu, alirudi huko huko. "Umeme ni kama ng'ombe, Mbinya. Jioni lazima irudi boma. Usipoionyesha njia, itapita kwa shamba ya mtu." Ndiyo maana alitaka klampu ibanwe karibu kabisa na mahali pa kuchomelea, kwenye chuma kilichopigwa brashi kikang'aa, wala si kwenye rangi au kutu.

Alikuwa na sheria nyingi, na hakuwahi kuziandika mahali popote. Ukichomelea penye unyevu, simama juu ya ubao mkavu. Glavu zikilowa jasho, vua, vaa nyingine. Usijizungushie waya begani hata kama kazi iko juu ya paa. Weka ndoo ya mchanga karibu, na kabla ya kuwasha tazama kilicho nyuma ya ukuta, kwa sababu moto hauheshimu mlango. Lakini sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya holda. Ukiacha kazi, hata kwa kwenda kunywa maji tu, toa rodi. Rodi haikutakiwa kuingia kwenye holda hadi fundi amefika mahali pake, ameketi sawasawa, na yuko tayari kushusha ngao ya uso. Alisema holda yenye rodi ni bunduki yenye risasi, na mtu mzima hatembei nayo ikiwa hivyo.

Jambo jingine alilolifanya lilinichekesha mwanzoni. Kila chombo kilicholetwa kikiwa kimefungwa, liwe pipa, tangi au bomba, alikigonga kwa kisigino cha nyundo kutoka chini kwenda juu, kichwa kimeinama. Chuma chenye kitu ndani hutoa sauti nzito, chuma kitupu hulia. Alikuwa na uwezo wa kukuambia, bila kufungua kifuniko, maji yameishia wapi.

Sikuwa mwanafunzi mtiifu kama ninavyojisifu. Jirani zetu, mafundi wa jua kali, walikuwa na mtindo wa kushikiza chuma bila ngao: unaweka rodi mahali pake, unafumba macho, unapiga cheche moja, unafumbua. Nilionelea ni werevu. Nilifanya hivyo kutwa nzima kwenye dirisha la kanisa, na jioni yake macho yalijaa maumivu kama yaliyotiwa mchanga. Mama yangu, aliyekuwa akiishi kwetu Kalama, aliniwekea vipande vya viazi mbichi machoni kama walivyofanya wake wote wa mafundi. Asubuhi Fundi Mkuu alinikuta nimejifunga leso usoni. Alinipeleka hospitali mwenyewe, akiniongoza kwa mkono kama kipofu wa sokoni, na njiani aliniambia jambo moja tu, kwamba kope ni ngozi na ngozi huungua. Wale waliokunywa maziwa baada ya kuchomelea mabati aliwaambia hivyo hivyo kwa upole: maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kwenye mapafu, hawakutani. Fungua milango, kaa upande unakotoka upepo.

Baada ya miaka minne hivi niliondoka nikaenda Athi River, kwenye kiwanda kimoja kikubwa. Huko nilikuwa chini ya Mhandisi wa Zamu na Afisa Usalama, na kwa mara ya kwanza nikaona karatasi iitwayo kibali cha kazi ya moto. Hukuruhusiwa kuwasha mashine mpaka Afisa Usalama afike kwa miguu yake, atazame, atie sahihi. Nilimpenda mtu huyo. Alikuwa mnene, ngazi zilimtesa, lakini alizipanda zote akihema. Vijana wa pale walikuwa watundu, wakiniambia, "Niaje mathe, hapa ni kusaini tu, usijali," nami niliwajibu kwamba nijali nisijali, waya utapita kiganjani.

Ni huko nilikouona ule mfano wa ng'ombe kwa macho yangu. Fundi mmoja aliona uvivu kuivuta klampu, akaibana kwenye nguzo iliyokuwa karibu naye, ilhali anachomelea upande wa pili wa mtambo wa kusafirisha mawe. Umeme ukatafuta njia ya kurudi, ukapita ndani ya beringi. Mtambo ulipowashwa, beringi ile ilinguruma na kukwama. Mhandisi wa Zamu aliikata katikati atuonyeshe, nasi tukaona gololi zake zimeliwa vishimo vidogo vidogo. Nilimweleza habari ya ng'ombe na shamba la jirani, akaniuliza nimesomea wapi. Nilimjibu nimesomea nyuma ya soko, Machakos.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, Fundi Mkuu alituma ujumbe kwamba anahitaji msaidizi. Mama alikuwa amezeeka, peke yake Kalama, na mvua ilikuwa imekataa misimu miwili mfululizo. Nilirudi. Nilipewa cheo cha Naibu Fundi Mkuu na ufunguo wa ile swichi kubwa, nao niliuvaa shingoni kwa fahari ambayo leo inanichekesha.

Ukame ule wa Ukambani waliouishi hawahitaji kuelezwa. Mito ya mchanga ilichimbwa hadi mtu akazama mpaka kifuani ndipo apate kikombe. Wanawake wa Kalama walitoka alfajiri na punda, wakirudi mchana na mitungi miwili mitatu, na mama yangu alikuwa miongoni mwao akiwa na miaka sitini na zaidi. Wakati huo ndipo Hajji alipotuletea tangi lake.

Hajji alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, Msomali aliyekaa Machakos miaka mingi kuliko baadhi yetu, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi wa kutoa. Alikuwa amenunua tangi kuukuu la lori ili apelekee ng'ombe wake maji kwenye ranchi, na akawaahidi wazee wa Kalama kwamba kila akipita atawaachia sehemu. Lakini shingo ya tangi, pale juu kifuniko kinapokaa, ilikuwa na ufa uliozunguka karibu nusu. Lori likipanda kilima, maji yangerukia nje, na ufa ungezidi kufunguka. Na kabla ya Hajji kulinunua, tangi hilo lilikuwa limebeba petroli.

Vijana, hapa naomba msome taratibu. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa. Petroli yenyewe ikiwa imejaa haina nafasi ya kulipuka ndani, lakini ikiisha huacha mvuke, nao hujificha kwenye kutu na kwenye mishono hata baada ya kuosha. Joto la rodi huutoa mafichoni, ukichanganyika na hewa mle ndani cheche moja inatosha. Fundi Mkuu aliliosha tangi lile mara tatu kwa maji moto na magadi, akaliacha wazi juani siku mbili, kisha akasema sasa lijazwe maji hadi chini kidogo ya ufa, kifuniko kikiwa wazi. Maji yakijaa, mvuke hauna pa kukaa. Ndivyo alivyofanya siku zote.

Ila siku zote maji yalikuwepo. Sasa yeye alikuwa anataka tangi zima la maji safi, na yakishaguswa na mabaki ya petroli yasingenyweka tena, yangefaa kufyatulia matofali tu. Bwana Meneja, aliyesimamia karakana, aliona hiyo ni kufuru. Aliwahi kusema mbele yetu sote kwamba tangi limeoshwa mara tatu na pua yake haisikii chochote. Fundi Mkuu alimjibu kwa adabu, "Imeoshwa, Bwana Meneja. Haijajazwa." Hajji alisikiliza pande zote mbili, akaenda kisimani na lori lake jingine, akarudi na mapipa ya maji, mengine yakimwagika njiani kwa mashimo.

Asubuhi hiyo, kwa kuwa habari zilikuwa zimeenea kwamba maji ya Kalama yanatoka kwetu, wanawake kama ishirini walikuwa wamefika getini na punda wao. Hawakujua kuwa maji hayo hayakuletwa yanywewe. Waliona mapipa tu. Mama yangu alikuwa mbele, ameshika kamba ya punda, na midomo yake imepasuka.

Bwana Meneja alimwita Fundi Mkuu ofisini, wakaanza kubishana tena. Kabla ya kuingia, Fundi Mkuu aliniambia nisimamie kujaza mpaka shingoni. Pampu ikaanza, mpira ukameza maji pipa baada ya pipa. Tangi lilipofika nusu nilitazama getini, nikamwona mama ananitazama. Nikachungulia ndani ya tangi, nikanusa, sikusikia harufu. Nikajiambia mara tatu zimetosha, na nusu ya maji itaziba nusu ya hatari, na hiyo nusu nyingine itazibwa na kuosha. Hesabu hiyo niliifanya nikijua ni ya uongo. Nilizima pampu, nikauvuta mpira hadi getini, nikaiwasha tena, nikajaza mitungi kwa maji ya mapipa yaliyobaki. Wanawake walinibariki kwa Kikamba, mmoja mmoja, nami nikapokea baraka zile nikiwa nimeligeuzia tangi mgongo.

Sijui nilikaa getini muda gani. Nilipogeuka, Fundi Mkuu alikuwa ametoka ofisini na amesimama kando ya tangi, ngao chini ya kwapa, nyundo kwenye mshipi. Nilirudi nikiwa nimekunja mpira.

"Maji imefika wapi?" aliniuliza.

"Imefika shingoni, Fundi."

Alinitazama usoni. Nilimwona ametazama pia mpira uliokuwa ukidondoka mikononi mwangu. Kisha akasema sawa, akachukua holda, akaanza kupanda ngazi.

Kila ngazi aliyopanda niliisikia kifuani. Alikuwa mzito wa kupanda, goti la kushoto lilimsumbua. Nilimwona alivyoketi ukingoni, akaweka buti sawasawa, akaivuta klampu na kuibana karibu na ufa kama alivyonifundisha, akageuza shingo kutafuta upepo. Nilitaka aseme kitu, anikemee, aniulize mara ya pili, ili iwe rahisi. Hakuuliza. Aliivaa ngao kichwani. Mkono wangu ulikwenda kwenye swichi kubwa kabla sijajua nitasema nini, nikaivuta chini.

"Fundi, shuka. Maji iko nusu. Nimekudanganya."

Alishuka ngazi kwa mwendo ule ule aliopandia. Holda ilikuwa mkononi mwake, tupu, rodi bado hajaibana. Akailaza juu ya ubao, akavua ngao, akaniuliza maji mengine yako wapi. Nilielekeza kidevu getini.

"Basi nenda uiombe," alisema.

Nimefanya kazi ngumu maishani. Nimelala chali chini ya trela cheche zikininyeshea shingoni. Lakini sijawahi kufanya kazi ngumu kama kutembea zile hatua za kutoka kwenye tangi hadi kwa mama yangu.

"Mwaitu," nilimwambia, "naomba hiyo maji irudi. Nimekosea."

"Si ni wewe umetupatia?"

"Ni mimi. Haikuwa yangu."

Alimtazama yule mzee aliyesimama kando ya ngazi, akisugua goti. "Ni huyo anapanda huko juu?"

"Ni huyo."

"Ako na watoto?"

"Wanne."

Mama alifungua kamba, akashusha mtungi wa kwanza kwenye mgongo wa punda, akautia begani mwenyewe. Nilitaka kumpokea, akanisukuma kwa kiwiko. Wengine walimfuata, wengine wakinung'unika, na mmoja alikataa kabisa, akampiga punda wake akaondoka na mitungi yake miwili. Sikumlaumu siku ile wala simlaumu leo. Hajji alikunja mikono ya kanzu, akapanga foleni pamoja nao, akipokezana mitungi na wanawake hadi juu ya ngazi, na akamtuma dereva wake arudi kisimani haraka.

Maji yalipoanza kupanda ndani ya tangi, jambo lilitokea ambalo sikulitarajia. Kadiri yalivyopanda ndivyo yalivyoisukuma nje hewa iliyokuwa imekaa juu yake, na hewa ile ilitoka shingoni ikatuangukia. Ilikuwa petroli. Haikuwa harufu ya mbali ya kusema labda, ilikuwa petroli kabisa, ya kukufanya ukohoe. Punda mmoja alirudi nyuma. Mama aliziba pua kwa leso yake, akanitazama juu ya kitambaa, na macho yale hayajanitoka mpaka leo. Bwana Meneja alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake na kikombe cha chai, akaingia ndani polepole.

Mzigo wa pili wa Hajji ulipofika na maji kufika shingoni kweli, na harufu kupotea na upepo, Fundi Mkuu hakupanda. Alilitembelea tangi lote akiligonga kwa kisigino cha nyundo, kutoka chini hadi juu, na safari hii lilijibu kwa sauti nzito mpaka mwisho. Kisha akanipa ngao yake.

"Wewe ndio unajua maji iko wapi," alisema. "Panda."

Nilipanda. Niliketi mahali pale pale alipokuwa ameketi, nikasikia ubaridi wa maji ukipita kwenye chuma hadi mapajani. Nilibana rodi. Nilipiga cheche kama mtu anayekwaruza kiberiti, nikainua kidogo, nikaweka nafasi isiyozidi unene wa rodi, nikaanza kulivuta dimbwi dogo la chuma kuizunguka ile shingo. Rodi ikikaa umbali unaofaa hutoa mlio wa nyama inayokaangwa, na mlio huo haukukatika. Nilikuwa nalia ndani ya ngao, hakuna aliyeona. Nilipomaliza nilibomoa kwa nyundo ganda lililoachwa na dawa ya rodi, nikapiga brashi. Fundi Mkuu alipanda, akapitisha kidole kwenye mshono wote, kama alivyofanya na aproni zangu miaka ile, akashuka kwenda kunawa mikono.

Tangi liliendelea kuoshwa mpaka Afisa wa Afya akaridhika nalo, kisha likabeba maji ya Kalama hadi mvua zilipokumbuka njia. Hajji aliagiza wale waliorudisha mitungi wahudumiwe kwanza, na mama yangu alimwita Hajji "mwanangu" hadi siku mama alipofariki. Fundi Mkuu alimwambia Bwana Meneja kwamba kuchelewa kote kulikuwa kosa lake yeye mwenyewe. Mimi hakuniambia lolote. Ila kuanzia siku ile karakana yetu ilikuwa na sheria mpya: anayejaza ndiye anayepanda. Jambo hilo liliondoa uongo mwingi kuliko kibali chochote nilichowahi kuona kikitiwa sahihi.

Alistaafu miaka michache baadaye, nami nikachukua cheo chake. Nilifanya kazi chini ya mameneja watatu, wawili wazuri na mmoja wa kuvumiliwa. Mashine zilibadilika, zikawa nyepesi, ngao zikaja zenye kioo kinachojitia giza chenyewe. Kila mfanyakazi mpya alianza kwa kupitisha waya kiganjani, kisha nilimkalisha nikamsimulia habari ya tangi la Hajji. Nilikiri uongo wangu, sikujificha. Lakini mwisho wa hadithi ulikuwa mtamu kila mara, kwa sababu mwisho wake ulikuwa mkono wangu kwenye swichi, na Fundi Mkuu akishuka ngazi akiwa hai. Niliwaambia kwamba alikuwa ameniamini hata hakuligonga tangi, na kwamba nilimkosea kisha nikamwokoa. Nilisimulia hivyo kwa zaidi ya miaka kumi, na sina budi kusema kwamba nilijipenda nikisimulia.

Nilistaafu macho yakiwa mazima, jambo ambalo kwa mchomeleaji ni tuzo kubwa kuliko saa ya ukutani waliyonipa. Wiki iliyofuata nilimtembelea Fundi Mkuu kwake, upande wa Konza, nikiwa na sukari na majani ya chai. Goti lilikuwa limemshinda kabisa, lakini kichwa kilikuwa kile kile. Tulizungumza habari za rodi na za watu. Mwishowe nikamwambia kwamba hadithi ya tangi nimeifikisha kwa vijana wote, wanajua jinsi nilivyomwokoa.

Alicheka mpaka mkewe akachungulia kutoka jikoni.

"Mbinya, siku hiyo nikishuka, holda ilikuwa na rodi?"

Nilikumbuka. Ilikuwa tupu. Nilijibu kwamba hakuwa ameibana bado.

"Na nilikuwa nimekaa? Nimeshika ngao?"

"Ulikuwa umekaa."

"Mimi nilikufundisha rodi inaingia lini?"

Nilijua inaingia lini, fundi akishaketi na kabla hajagusa ngao; nilikuwa nimelifundisha jambo hilo karibu miaka ishirini. Akaniambia kwamba niliposimama getini nikipokea baraka, yeye alikuwa ameshatoka ofisini na ameligonga tangi. Kuanzia nusu kwenda juu lilikuwa linalia.

"Sasa ulipanda kwa nini, Fundi?"

"Nilitaka uone mtu akipanda."

Nilimuuliza angefanya nini kama ningenyamaza. Alisema angeshuka, na kesho yake ningerudi kwa cherehani yangu, na angenikosa sana. Kisha akaniuliza kama chai imekolea.

Nilikaa kwenye kile kiti nikiuona upya kila kitu: jinsi alivyonitazama, ule mpira uliodondoka, ngazi alizopanda polepole na lile goti lake bovu, akinipa muda. Miaka yote ile sikuwa nimemwokoa mtu. Nilikuwa nimengojwa, nami nilisema ngazi zote zikiwa zimeshakwisha. Nampenda mzee yule, na nimeandika haya ili vijana niliowasimulia vibaya wapate kujua ilivyokuwa.